Msimamizi wa makazi ya wazee Marekani: leseni itakuwa yako, ya kazi au ya nyumba?

Binamu yangu alinipigia simu kutoka Houston saa mbili asubuhi, ndio kwanza ametoka shifti ya usiku. Ana miaka saba katika kazi ya wazee. Amewaogesha, amewalisha, amewageuza kitandani kila baada ya saa mbili, na sasa anataka kupanda: awe msimamizi, na Mungu akijalia afungue nyumba yake mwenyewe. Swali lake lilikuwa moja tu. "Dada, nitajie jimbo rahisi nihamie huko."

Nilimwambia swali hilo litamponza. Karatasi unaihangaikia miezi michache, lakini ukishaipata utaishi nayo miaka. La kuuliza kwanza ni leseni hiyo itakuwa ya nani. Kuna majimbo ambako inakufuata wewe popote uendapo ndani ya jimbo, kama leseni ya udereva. Kuna ambako mtu hapewi leseni kabisa, ila kazi yenyewe ina masharti yake. Na kuna ambako leseni ni ya nyumba, nawe umefungwa nayo kama mbuzi na kamba. Haya ndiyo niliyomweleza, kwa majimbo manne ambako ndugu zetu wengi wako kwenye kazi hii: California, Texas, Minnesota na Washington.

Kwa nini kila jimbo na lake

Wengi wetu tulianzia nyumba za uuguzi, zile zenye muuguzi saa 24, mirija ya chakula na vidonda vya kusafishwa kila siku. Huko serikali kuu iliingia zamani. Tangu marekebisho ya sheria ya Hifadhi ya Jamii ya 1967, nyumba ya uuguzi inayolipwa na Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, lazima iongozwe na msimamizi mwenye leseni ya jimbo lake, kote nchini.

Makazi ya usaidizi ni kitu kingine. Mzee ana chumba chake, anapikiwa, anafuliwa, anasaidiwa kuoga, kuvaa na kunywa dawa kwa wakati. Serikali kuu haikuyawekea leseni. Kila jimbo limejitungia sheria, limejichagulia jina na limejiwekea idadi yake ya saa za masomo. Ndiyo maana mtu anayefanya kazi ile ile anaitwa msimamizi California, meneja Texas na mkurugenzi Minnesota, na karatasi ya kwanza haimsaidii chochote akivuka mpaka. Nimekutana na mama mmoja aliyehama Sacramento, California, na cheti chake kwenye fremu, akidhani kitamfungulia mlango Tacoma, jimbo la Washington. Alianza upya.

California: cheti unatembea nacho

California inatofautisha vitu viwili, na ukivichanganya utapoteza muda. Nyumba ina leseni yake, ile wanayoiita RCFE, yaani ya makazi ya kulea wazee, na msimamizi ana cheti chake. Vyote viwili hutolewa na Idara ya Huduma za Jamii ya jimbo. Unaweza kuwa na cheti bila kumiliki hata kitanda kimoja, ukaajiriwa na mwenye nyumba. Akikufukuza kesho, unaondoka na cheti chako mfukoni.

Masharti yako wazi. Uwe na miaka 21 na cheti cha sekondari au kinacholingana nacho. Usome kozi ya saa 80. Ufanye mtihani wa maswali 100 na upate angalau 70. Baada ya hapo, kila miaka miwili, saa 40 za kuendelea kujifunza, zikiwemo za ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Nyumba ikikua, masharti nayo yanakua: kuanzia wazee 16 hadi 49 unatakiwa uwe na masomo ya chuo na mwaka mmoja wa uzoefu, wakifika 50, miaka miwili ya chuo na mitatu ya uzoefu, au kinacholingana nayo.

Hizo saa 80 zina historia ambayo kila anayesoma kozi ile angepaswa kuijua. Zamani zilikuwa 40. Oktoba 2013, huko Castro Valley, jimbo liliamuru nyumba moja ifungwe. Wafanyakazi wakaondoka, wazee wakabaki. Waliobaki nao walikuwa mpishi na mfanya usafi. Watu hao wawili, ambao hakuna aliyewafundisha kugawa dawa, walikaa siku kadhaa wakipika, wakibadilisha nepi na kuhangaika na vidonge, hadi watu wa zimamoto na polisi wa kaunti walipofika. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likapitisha mfululizo wa sheria, na kuanzia 2016 saa zikawa 80 na mtihani ukawa wa maswali 100. Kila nikisikia mtu akilalamika kwamba kozi ni ndefu, namkumbuka yule mpishi.

Cheti kuwa chako kuna upande wake wa pili: lawama nayo ni yako. Moto wa Santa Rosa wa Oktoba 2017 ulipowakuta wazee katika makazi ya kifahari, na wengine wakaachwa ndani bila wafanyakazi usiku ule, jimbo halikuishia kwa kampuni. Lilifungua mashtaka dhidi ya leseni za nyumba, na wasimamizi wenyewe likawataja kwa majina. Ukisaini kama msimamizi California, umesaini hata kwa saa ambazo uko nyumbani umelala.

Kwa mwenye kutaka nyumba yake, California ina jambo moja jema: nyumba ya wazee 6 au pungufu, mji hauwezi kuidai vibali vya ziada kuliko nyumba ya familia ya kawaida. Ndiyo maana utaona vitanda sita sita kila mtaa. Lakini bei ya nyumba unaijua, na tangu Julai 2015 sheria inadai bima ya dhima, ile ya kumfidia aliyedhurika, ya angalau dola milioni 1 kwa tukio na milioni 3 kwa mwaka. Bima hiyo hulipwa hata mwezi ambao vitanda viwili viko wazi.

Texas: masharti ya kazi

Hapa ndipo binamu yangu alipo, na hapa hakuna leseni ya meneja. Leseni ni ya nyumba, chini ya Tume ya Afya na Huduma za Binadamu, na inahitajika ukianza kulea watu wanne au zaidi wasio ndugu zako. Meneja anatakiwa awe na miaka 21. Kwa nyumba ndogo, ya watu 16 kurudi chini, cheti cha sekondari kinatosha. Kwa nyumba kubwa, uwe na digrii inayohusika, au sekondari pamoja na uzoefu wa angalau mwaka mmoja katika uongozi wa kazi hizi.

Kozi ni ya saa 24, na unaimaliza ndani ya mwaka wa kwanza ukiwa tayari kazini. Nane kati ya hizo, zinazohusu kanuni zenyewe, uzimalize ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Baada ya hapo saa 12 kila mwaka. Kwa hiyo unalipwa huku unajifunza, na kwa mtu mwenye kodi ya nyumba, karo za watoto na pesa za mama kijijini, hilo si dogo.

Ila sikiliza kinachofuata. Ukiacha kazi Texas huondoki na leseni. Unaondoka na vyeti vya kozi kwenye faili na maneno ya mwajiri wako. Akikataa kukuandikia barua, miaka yako mitatu ya umeneja utaithibitisha kwa nini? Na meneja wa Texas amefungwa: saa 40 kwa wiki kwenye nyumba moja, isipokuwa nyumba ndogo za aina A, ambako meneja mmoja anaweza kushika hadi nne alimradi wazee wote hawazidi 16.

Aina A na aina B ndiyo tofauti ya kuitazama kabla ya kukubali kazi ya umeneja pale. Aina A ni ya wazee wanaoweza kutoka wenyewe moto ukitokea. Aina B ni ya wanaohitaji kusaidiwa kutoka, na usiku lazima awepo mtu aliye macho na karibu. Mwajiri akikuambia "hawa wote ni aina A" nawe umemwona bibi anayehamishwa kitandani na watu wawili, usisaini. Mwonyeshe yule bibi.

Minnesota: leseni ya mtu, na nyuma yake muuguzi

Minnesota ilichelewa kuliko wote, kisha ikaja kwa nguvu. Kwa miaka mingi nyumba hizi zilikuwa zinajisajili tu, hazina leseni ya makazi ya usaidizi. Familia za wazee waliodhulumiwa zilipaza sauti hadi bungeni, magazeti yakaandika, sheria ikapitishwa 2019 na kuanza kazi tarehe 1 Agosti 2021. Siku hiyo zilianza aina mbili za leseni za nyumba, moja ya kawaida na moja ya wazee wenye kupoteza kumbukumbu, na juu yake leseni ya mkurugenzi mwenyewe, LALD, inayotolewa na bodi iitwayo BELTSS.

Njia ya kawaida ni kozi iliyokubaliwa na bodi na mtihani, ndani yake sheria za Minnesota. Aliyekwisha kuwa na leseni ya kusimamia nyumba ya uuguzi ana njia fupi zaidi, ila sheria za jimbo lazima azijue naye pia. Kisha saa 30 za masomo kila miaka miwili. Jina lako linaandikwa kwa jimbo kama mkurugenzi wa nyumba hiyo, na kila anayetaka kujua nani anaongoza anakukuta wewe.

Kinachowashtua wenzetu wanaotaka kufungua nyumba Brooklyn Park, mji ulio jirani na Minneapolis, si mtihani, ni muuguzi. Sheria inataka muuguzi aliyesajiliwa apatikane saa 24, siku saba. Yeye ndiye anayempima mzee kabla hajahamia, anampima tena ndani ya siku 14 tangu huduma zianze, na baada ya hapo zisipite siku 90 bila kipimo kingine. Mwenye nyumba ya vitanda vinne analipia muuguzi kama mwenye vitanda arobaini. Kama mke wako au dada yako ni muuguzi, Minnesota inaanza kuingia akilini. Kama huna mtu, piga hesabu hiyo kabla ya kupiga hesabu ya rangi ya kuta.

Washington: leseni ya nyumba

Hapa nazungumza kwa niliyoyaona, kwa sababu ndiko nilikoanzia. Washington makazi makubwa, ya watu 7 na zaidi, msimamizi wake hana leseni yake binafsi. Kanuni zinataja sifa tu. Lakini ndugu zetu wengi hawako huko. Wako kwenye nyumba za familia: nyumba ya kawaida mtaani, wazee hadi 6, na tangu 2020 hadi 8 kwa walioendesha vizuri kwa muda na kutimiza masharti ya ziada. Mlango wake ni Idara ya Huduma za Jamii na Afya, DSHS.

Jimbo hili ndilo pekee kati ya haya manne linalokuuliza kwanza mikono yako imefanya nini. Mwombaji awe na saa 1,000 za kuwahudumia moja kwa moja watu wasiojiweza, na saa hizo ziwe ndani ya miezi 60 iliyopita. Kwa wiki za saa 40, hizo ni wiki 25. Kisha kozi ya usimamizi, kwa sheria isiyopungua saa 48, alama za vidole, cheti cha kuhudumu, huduma ya kwanza. Ada ya maombi ni ya kuuma na hairudishwi ukikataliwa, kwa hiyo usipeleke fomu yenye pengo.

Sasa niwaeleze maana ya leseni kuwa ya nyumba. Mwenye nyumba niliyokuwa nikifanya kazi alikuwa amekwenda Nairobi kumzika mama yake. Mkaguzi alibisha hodi asubuhi, bila taarifa, kama kawaida yao. Hakuanza na mafaili. Alikwenda bafuni, akafungua maji ya moto, akasubiri, akaweka kipimajoto chini ya bomba. Kanuni inasema kati ya digrii 105 na 120 za Fahrenheit. Kilisoma 124. Nilikuwa nimewaogesha watu wawili humo asubuhi ile nikichanganya na maji baridi kwa mkono, na sikuwahi kufikiri kwamba bibi wa chumba cha tatu, ambaye ngozi yake ni kama karatasi ya kufungia maandazi, siku moja angefungua bomba peke yake. Mkaguzi alifikiri. Kosa liliandikwa kwenye leseni ya mtu aliyekuwa kaburini kwa mama yake, maili elfu nyingi kutoka kwenye bomba lile. Mimi niliyekuwa ndani jina langu halikuguswa. Bado linaniuma, kwa sababu bomba lilikuwa langu kulijua.

Ndiyo Washington. Ukiimiliki leseni ile, kila kitu kilichomo ndani ya kuta ni chako: maji, friji la insulini, kufuli la kabati la dawa, na zoezi la kuwatoa wazee wote nje ndani ya dakika 5. Ukiiuza nyumba, leseni haiendi na mnunuzi wala haiji nawe mtaa mwingine. Maombi yanaanza upya.

Swali la insulini

Kama ningeruhusiwa kulinganisha majimbo kwa jambo moja tu, ningechagua sindano, maana ndiyo inayoamua ni wazee gani utaweza kuwapokea. Mzee mwenye kisukari anayetaka sindano asubuhi na jioni, asiyeona vizuri alama za kalamu ya dawa, yuko kila mahali.

California, mlezi asiye na leseni ya uuguzi haruhusiwi kumdunga. Mzee ajidunge mwenyewe au aje mtaalamu. Kwa hiyo nyumba ya vitanda sita isiyo na muuguzi inamkataa, au inalipia muuguzi aje mara mbili kwa siku. Washington, muuguzi aliyesajiliwa anaweza kumkabidhi mlezi kazi hiyo, baada ya mlezi kusoma kozi ya ukabidhi na nyingine ya kisukari, na muuguzi aendelee kuja kumwangalia. Nimedunga hivyo kwa miaka miwili, mzee yule yule, na alikuwa akinigeuzia tumbo upande wa zamu kabla sijamwambia. Aliishi nyumbani mle hadi mwisho wake. Katika jimbo jingine angepelekwa nyumba ya uuguzi kwa sababu ya sindano mbili.

Minnesota muuguzi wako tayari ni wa lazima, basi mwulize yeye kabla hujamwahidi mtu chumba. Texas uliza kwa maandishi, nyumba kwa nyumba.

Basi nani aende wapi

Mwenye fedha kidogo, uzoefu mwingi na hamu ya kujua uongozi kabla ya kujitwisha, Texas inamfaa. Achague nyumba ndogo, asome zile saa 24 na atunze kila karatasi. Asikae miaka kumi, maana mikono yake itakuwa imejaa kazi isiyo na jina.

Anayetaka kitu cha kwake lakini hana mtaji wa nyumba, California ni bora kuliko inavyosemwa. Cheti kinakuruhusu kuajiriwa kuendesha nyumba za wengine ukiweka akiba. Jihadhari tu na wanaouza kozi mitandaoni. Muuza kozi awe kwenye orodha ya jimbo, la sivyo umenunua cheti cha kupamba ukuta.

Muuguzi, au mwenye muuguzi ndani ya familia, namshauri Minnesota bila kusita. Leseni yake ni yake, na gharama inayowaangusha wengine yeye anaibeba kwa mikono ya nyumbani.

Na aliyekwisha kuwapenda wazee wa nyumba ndogo, anayekumbuka nani anataka chai yenye tangawizi na nani haogi bila redio, mwenye mwenzi aliye tayari kuishi na kazi ndani ya nyumba: Washington. Sisemi ni rahisi. Nasema ndiko leseni inakohesabu yale uliyoyafanya usiku, na ndiko nilikoona wazee wakizeeka kama watu.

Binamu yangu alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama miaka yake saba inafika saa 1,000. Inafika mara nyingi zaidi, nikamwambia, ila miaka miwili ya mwanzo imeshatoka nje ya ile miezi 60. Akampigia simu mwajiri wake wa nne kurudi nyuma kuomba barua ya saa zake. Meneja aliyemjua aliondoka, nyumba imebadilisha mmiliki, na faili haijulikani iliko. Anabaki Houston kwa sasa, anaanza kozi ya umeneja, na jana amenitumia picha ya barua ya kwanza kutoka kwa mwajiri wa sasa: tarehe ya kuanza, saa kwa wiki, aina ya kazi, sahihi. Nimemrudishia aongezewe neno moja lililosahaulika, kwamba huduma ilikuwa ya moja kwa moja kwa mzee.